Watoto wanasema kizungu changu kimeharibika

Nimekuja likizo Lamu, na siku ya pili tu watoto wa kaka yangu wakanikalisha barazani hapa Langoni, shangazi hebu sema kizungu cha huko tusikie. Miaka sita niko Uingereza kwa hiyo wao walitegemea nitoe kile cha kwenye runinga. Nkawapa sentensi moja ya kawaida, kwamba kila asubuhi napanda basi kwenda kazini, na lile neno "bus" nkalitamka kama tunavyolitamka huko nnakoishi, na u yake kamili, u ya kuku, u ya busu. Wakatazamana. Yule mkubwa akasema shangazi sio hivyo, ticha ametufundisha ni "bas". Mdogo wake akanitetea, akasema labda shangazi amechoka na safari.

Sikuwajibu palepale kwa sababu jibu ni refu, na nimelala nalo usiku kucha nikaona bora niandike, maana najua tuko wengi tuliotoka pwani tukaenda ughaibuni na kizungu tulichofundishwa shule tukijua ndo hicho hicho kitakachotupokea.

Mimi naishi Halifax. Iko Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, mji wa vilima, nyumba za mawe yaliyopiga weusi, na kazi yangu ni ya kuangalia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilipofika nilikuwa na kizungu cha shule na cha redio, sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wiki ya kwanza sikusikia kitu. Wallahi sikusikia. Mzee anakuomba kikombe anasema "kup", kama kupa bila ile a, siagi ni "buta", na kila mtu anakwita "luv" hata dereva wa basi asiyekujua, na lile neno dogo "the" wanalimeza linabaki kama mtu aliyekatika pumzi, sentensi inakuja nusu na ile nusu nyingine ukamalizie mwenyewe. Siku moja bibi mmoja akaniuliza leo kuna nini kwa "tea", nami mbio nkamletea chai na maziwa. Alikuwa anauliza chakula cha jioni. Huko kaskazini wengi "tea" ndo chakula cha jioni na "dinner" ni cha mchana, na mimi namwekea chai mbele yake na yeye ana njaa.

Halafu kuna yaliyoniuma. Kiswahili kina vokali 5 tu, a e i o u, zimeisha. Kizungu kile cha vitabuni ukihesabu sauti za vokali unafika kama 20. Sasa mtu mwenye vyungu 5 akipewa vitu 20 avitie atafanya nini, atachanganya. Kwetu i ni i, kwao kuna ya kuvuta na ya kukata, na ukikosea umesema neno jengine. Nlikuwa natandika vitanda, nkamwambia mwenzangu tunahitaji mashuka zaidi, "sheets", i nkaikata, neno likatoka tusi la chooni. Shifti nzima walicheka, kesho yake mtu kashawaambia wa shifti ya usiku, nao wakacheka. Nilikuwa nakwepa lile neno miezi, nasema "bedding", nazunguka. Na kabla ya hapo kulikuwa na ofisi moja ya huko kusini ilonifanyia intaviu kwa simu, yule mama akaniambia kwa upole kabisa kuwa kizungu changu wateja hawatakifahamu. Simu ilipokatika nlikaa kitandani na koti langu, sikulivua.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikukitegemea. Wazee wangu wa Halifax walikuwa wananifahamu. Nlidhani ni huruma yao, baadae nkaanza kutega sikio. Mtu wa London akisema "coat" ile o anaizungusha, inaanza pahala inamalizikia pengine, na "day" vilevile. Mzee wa Yorkshire anasema "koot", o imenyooka kama yetu ya koti, na "dee", e imenyooka. "Bath" ya London ni "baath", ya kwao ni fupi, a ni a ile ile ya baba. Yaani vokali za wale wazee ziko karibu na zetu kuliko za yule mama wa intaviu! Bibi mmoja, Mungu ampe afya, alinambia mimi ananisikia vizuri kuliko mke wa mjukuu wake ambae ni mzungu wa kusini.

Nkaanza kuuliza na kusoma. Zamani Waingereza wote walisema "kup" na "buta" kwa u. Halafu miaka ya 1600 watu wa kusini, upande wa London, wakaanza kuigeuza ile u kwenda kwenye a, kaskazini haikufika. Ile "baath" ndefu ni ya baadae zaidi. Na ile r ya "car" na "girl", watu wa London walianza kuiangusha miaka ya 1700, lakini Scotland wanayo mpaka leo, wanaikoroga vizuri, na Ireland wanayo, na Marekani sehemu kubwa wanayo. Kwa hiyo "bus" nliyoitamka barazani mimi watoto wakaniona nimekosea, u yake ni kongwe kuliko hiyo ya ticha wao.

Na sisi wenyewe tumeweka alama ya nani alikuja kwetu. Hebu tazama, tunasema basi, namba, kabati, klabu. Zote zina a pale mtu wa Yorkshire anaposema u. Na shati, r iko wapi? Haipo, kwa sababu walotuletea neno walikuwa wa kizungu kile cha kusini kisicho na r. Lau wangetuletea watu wa Halifax tungepanda busi na tungeweka vyombo kwenye kubati. Nikimwambia kaka yangu haya alinyamaza kidogo akasema shiriti, wangekuja wa Scotland tungevaa shiriti.

Kaka yangu ni nahodha, ana mashua yake ya watalii, na hakwenda shule kama mimi lakini masikio yake ni makali kuliko yangu. Amenambia yeye mtalii akishuka tu boti ya kutoka uwanja wa ndege wa Manda akasema maneno mawili matatu keshajua ni wa wapi. Akiomba maji ikatoka kama "wara" ni Mmarekani, wale t ya katikati wanailainisha inakaribia r yetu. Ikikatika katikati, "wo-a", kama mtu aliyekwama, ni wa upande wa London. Akisema "today" kama "tudai" ni wa Australia. Wa New Zealand ndo walomchanganya zaidi, mmoja aliomba kalamu, "pen", kaka yangu akamletea pini.

Lakini kuna moja lilimgharimu. Wamarekani walimwambia habari ya kwenda Takwa siku ya Alhamisi. Takwa, kwa msioijua, ni magofu kule Manda, na kufika na mashua lazima umvizie maji kujaa, yakikupwa umebaki kwenye tope na mikoko. Yule mgeni alisema Alhamisi "can't", hatuwezi. Kaka yangu akasikia "can". Na si kosa lake, sisi tumefundishwa hatuwezi ni "kaant", ya kuvuta, tofauti unaisikia, ila Mmarekani haivuti, na ile t ya mwisho hata haifungui mdomo kuitoa, inabaki kooni. Basi ndugu yangu kaamka alfajiri, kanunua samaki, kanunua nazi, kaweka barafu, kakaa pale gatini Mkunguni na maji yanajaa na maji yanakupwa. Hakuja mtu. Ananihadithia mpaka leo macho yanamtoka. Sasa hivi mgeni akisema hilo neno anamuuliza tena, ndio au la, na anasubiri atikise kichwa.

Nirudi kwa yule bibi aliyesema ananisikia vizuri, maana ndo alonifungua. Siku moja namkausha nywele nkamuuliza kwa nini kuna maneno akiongea na daktari anayatamka vyengine. Akanambia alipokuwa mdogo mwalimu wao alikuwa akiwasimamisha mbele, sema "baath", sema tena, na asiyeweza alikaa mlangoni. Kizungu chenu ni cha viwandani, ndo walivyoambiwa. Halafu akanambia habari ya Wilfred Pickles, mtu wa hapohapo Halifax, ambae 1941 katikati ya vita BBC walimuweka kusoma habari za taifa zima, na akaaga wasikilizaji kwa "good neet" badala ya "good night". Kumbe BBC walikuwa na kamati yao ya matamshi tangu 1926, sauti ya redioni ilikuwa ya aina moja tu. Watu wengine walikasirika, waliandika barua, habari hazina uzito zikisomwa hivyo. Nyumbani kwao bibi baba yake aliwanyamazisha wote wasikilize. Anasimulia na amenishika mkono.

Mimi nkamhadithia yangu. Kwenye insha nliandika "ndia" badala ya njia, na "mato" badala ya macho, na "moya", kwa sababu nyumbani kwetu ndo tunavyosema, mama hajawahi kusema njoo katika maisha yake, ni "ndoo". Mwalimu, mtu wa bara, aliisoma insha yangu mbele ya darasa zima, kila neno la Kiamu, kiswahili chetu cha Lamu, anasimama, anarudia. Nlikuwa na miaka kumi. Sijui kama alijua kwamba hayo ndo maneno ya tenzi za kale zilizoandikwa Pate na hapa Lamu, kabla hata ya ule mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja, kiswahili cha Zanzibar, kiwe cha vitabu. Mie sikatai pawe na kiswahili cha vitabu, tungeandikianaje bila hicho. Nnachokataa ni ile insha.

Kwa hiyo jana jioni nimewaita wale watoto nkawaeleza yote, nkawaambia kwenye mtihani andika na tamka kama ticha anavyotaka, usipoteze maksi, lakini usimwambie mtu kizungu chake kimeharibika kabla hujajua kimetoka wapi. Mkubwa aliuliza maswali mengi. Mdogo alikuwa anajaribu tu, bus bus bus, mpaka akapata.

Mama alikuwa mlangoni na ndoo yake ya barafu, huwa anauza maji na ukwaju kwa wapita njia. Wakapita wazungu wawili, mama kanyanyua chupa, "watta! watta!" Watoto wakaanza kuzibana midomo, maana hilo wanamchekaga kila siku, nyanya sema "woota".

Nkawaambia kule Halifax yule bibi yangu wa miaka zaidi ya tisini akiamka asubuhi koo limemkauka anaomba "watta". Hivyo hivyo, a ya baba. Ndo walivyosema wazee wao.

Mama akageuka. "Nani huyo aombao mai?"

Nkamwambia ni yule bibi nimuoshae, nlokuhadithia.

"Ukirudi," akasema, na keshaanza kufuta chupa nyengine, "mpe salamu zangu."