Besi Haimo Kwenye Nobu ya Besi

Umeme umetulia leo na watoto wamelala, basi niandike kuhusu hii pedali kabla masikio hayajasahau.

Ni Darkglass Microtubes B7K Ultra, priampu (ya kuandaa sauti kabla ya ampu) na ovadraivu (ya kuikwaruza) ya gitaa la besi ndani ya kisanduku kimoja. Watengenezaji wako Helsinki, Ufini, na walianza mwaka 2009. Mimi nimeinunua hapa Kampala kwa mpiga besi aliyekuwa akihama, na bei yake naomba ibaki kati yangu na yeye. Jina linadokeza valvu ndogo, zile taa za kioo za ampu za zamani, ila ukiifungua hukuti valvu yoyote, ni chipu tu. Hilo halinisumbui. Ampu za valvu ni mizigo ya watu wanne na pikapu, na mimi husafiri kwa boda.

Sikuitafuta kwa ajili ya makelele. Napiga rumba. Nusu ya bendi yetu ni Wakongo wanaokaa Katwe na Makindye, nusu ni sisi wengine, na mazoezi yanaendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha wote. Jumapili niko kanisani. Kote huko hakuna anayeniomba niingurumishe besi kama watu wa roki. Kwa hiyo swali langu tangu mwanzo lilikuwa moja: mpiga rumba afanye nini na Drive, ile nobu ya mkwaruzo?

Jibu limetoka kwenye simu. Shughuli zetu, harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) hasa, watu hurekodi kwa simu na kurushiana WhatsApp. Asubuhi yake bendi nzima inasikiliza, na besi haimo. Gitaa la solo liko, ngoma ziko, mwimbaji yuko, mimi nimeyeyuka. Uzi wangu mnene, E, ukipigwa mtupu hutoa hezi 41.2, yaani mitikisiko 41.2 kwa sekunde. A ni 55. Kispika cha simu, kile cha upana wa ukucha, hakishuki huko hata ukibembeleze. Kinachoweza kutoa ni hamoniki, zile sauti za juu zinazozaliwa pamoja na sauti ya msingi. Kwa uzi wa E ni 82.4, kisha 123.6, kisha 164.8, na kuendelea juu. Na hapo sikio la mwanadamu lina ujanja wake. Likizisikia hizo za juu zimepangana sawasawa, linajaza lenyewe ile ya chini ambayo haipo hewani kabisa, kama unavyojua ni mjomba aliyeko mlangoni kwa kikohozi tu.

Drive inafanyia kazi papo hapo. Kadiri unavyoifungua, wimbi linakuzwa mpaka linagota juu, kichwa chake kinakatwa, na kule kukatwa ndiko kunakoongeza hamoniki. Ukifungua sana ni mkwaruzo ambao kila mtu atausikia na atauliza gitaa lina nini. Ukifungua kidogo, husikii mkwaruzo wowote. Unasikia tu kwamba noti imepata mfupa.

Lakini hiyo pekee haitoshi, maana wimbi lililokatwa hupoteza pia kitu ambacho mpiga besi anakipenda: tofauti ya kupiga kwa nguvu na kupiga kwa upole. Kila noti inatoka kimo kimoja. Uzito wa chini nao unaingia ukungu. Kwa rumba hiyo ni hasara, kwa sababu kabla ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea dansi, besi inazungumza kwa kunyamaza na kusukuma, kunyamaza na kusukuma, na ukizifanya noti zote zilingane umeua mazungumzo.

Ndiyo maana nobu ninayoiheshimu kuliko zote kwenye hiki kisanduku ni Blend. Inachanganya sauti safi ya gitaa na ile iliyopita kwenye Drive. Ukiizungusha kushoto kabisa unapata gitaa safi, kulia kabisa mkwaruzo mtupu. Nimeiacha chini kidogo ya namba 9 kwenye uso wa saa, yaani upande wa kushoto, na Drive nayo karibu hapo hapo. Sauti safi inabeba uzito na hisia za vidole, ile chafu inabeba zile hamoniki za kufika kwenye simu. Kila moja na kazi yake.

Ziko pia swichi mbili ndogo, kila moja nafasi tatu, zinazoamua nini kiingie kwenye mkwaruzo: Grunt kwa upande wa chini, Attack kwa upande wa juu. Hizi zilinichanganya kidogo kwa sababu ukiwa na Blend chini kabisa unazisogeza na hakuna kinachobadilika, unadhani zimekufa. Hazijafa. Zinagusa upande mchafu tu. Nimeweka Grunt pale inapopitisha besi ndogo kuliko nafasi nyingine zote, kwa hesabu rahisi kwamba uzito ninao tayari kwenye sauti safi, sihitaji kuukwaruza. Attack sina hamu nayo. Nyuzi zangu ni za zamani na zimepoa, na ndivyo ninavyozipenda.

Level ni kiasi cha sauti ya upande mchafu, na ndiyo nobu ya hila. Sikio linapenda chochote chenye sauti kubwa zaidi. Ukibonyeza swichi ya mguu na sauti ikapanda, utaapa kwamba pedali ni tamu, kumbe imepaza tu. Ninachofanya: napiga mstari mmoja wa noti nne, nawasha na kuzima, napunguza mpaka kuwasha na kuzima kuwe na kimo kimoja. Baada ya hapo tu ndipo naamua kama napenda ninachosikia. Halafu naweka simu juu ya jerikeni kule kona ya chumba, narekodi yote mawili, nasikiliza kwa spika ya simu yenyewe bila hedifoni. Kwenye rekodi ya sauti safi nilisikia vidole vikigusa nyuzi na basi. Kwenye ile nyingine niliweza kuufuata mstari mzima, noti baada ya noti, na mke wangu aliyekuwa jikoni akauimba.

Sasa usawazishaji, yaani kupandisha na kushusha sehemu za sauti. Hapa besi ya chini ina nobu yake, trebo (sauti za juu) ina yake, na sauti za kati zina nobu mbili, na kila kati ina swichi ya kuchagua masafa. Kati ya chini unachagua hezi 250, 500 au 1,000. Kati ya juu 750, 1,500 au 3,000. Mpiga besi akiambiwa hasikiki, mkono huenda kwenye nobu ya besi wenyewe, na fundi wa sauti naye anafanya hivyo hivyo kwenye miksa. Matokeo ni ukumbi unaotetemeka na besi isiyosikika noti gani inapigwa. Kule chini tayari kuna ngoma ya mguu, kuna mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, kuna ukuta wa bati unaotetemeka wenyewe. Nafasi iliyo wazi iko juu kidogo. Nimechagua 500 na nimeipandisha, nobu ya besi nimeirudisha nyuma kidogo tu kutoka katikati.

Mazoezini Jumatano mzee wetu wa solo alisimamisha wimbo katikati, jambo ambalo kwa kawaida ni habari mbaya.

"Mdogo wangu, leo ninakusikia."

"Nimepunguza besi, Mzee."

"Umepunguza, na mimi ninakusikia zaidi?"

"Nimepunguza nobu ya besi. Nimepandisha kati."

Akaitazama pedali, akanitazama. "Basi punguza tena."

Sikupunguza tena. Yeye angependa besi yote iishe ili solo ibaki peke yake, tunamjua.

Jambo ambalo video za mafundisho haziniambii, kwa sababu nyingi zinarekodiwa Marekani, ni mngurumo. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50. Wa Marekani ni 60. Athi ya jengo, yaani waya wa kwenda ardhini, ikiwa mbovu, au jenereta ikiwa imeunganishwa kwa mazoea, ule mngurumo unaingia kwenye waya wa gitaa, na Drive inaukuza pamoja na kila kitu. Sasa noti ya G, ile ya fereti (kizingiti cha shingo ya gitaa) ya tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Mngurumo wetu uko juu ya G hiyo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Haujafika G shapu, haujakaa kwenye G. Wimbo ukiwa wa G, na nyimbo zetu za G ni nyingi, unasikia bendi nzima kama imelegea nyuzi wakati kila mtu ametuni vizuri. Marekani mngurumo wao unaangukia kati ya B flati na B, wao na waimbaji wao watajuana huko.

Dawa ninazozijua ni za kawaida: kuunganisha pedali na ampu kwenye soketi ya ukuta mmoja, kuweka waya wa gitaa mbali na waya za umeme, na kumwomba fundi abonyeze kile kitufe cha kutenganisha athi kwenye boksi la DI, lile linalopeleka sauti ya gitaa kwenye miksa. Kukata pini ya athi kwenye plagi, kama nilivyoona vijana wakifanya, hapana. Bora bendi ingurume kuliko mwimbaji ashike maikrofoni na apigwe shoti nayo.

Jumamosi tuna harusi Entebbe na fundi wa huko ana miksa kubwa, chaneli hazimpungukii. Pedali hii ina tundu la pembeni linalotoa sauti ya gitaa ikiwa haijaguswa, mbali na lile la DI linalotoa iliyopikwa. Nimeshampigia simu kumwomba chaneli mbili kwa ajili ya besi. Aliuliza kwani nakuja na magitaa mangapi. Nikamwambia moja, na kwamba nitafika mapema nimwonyeshe.