Fungu la Aliyebaki Penye Vyombo

Somo la wiki: 1 Samweli 30:21–25

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Waamaleki walipoichoma Siklagi, Daudi aliwafuatia akiwa na watu 600. Kwenye kijito cha Besori, 200 walishindwa kuvuka kwa uchovu, wakabaki na vyombo. Wale 400 wakapigana, wakarudi na nyara, na baadhi yao wakataka waliobaki wapewe wake na watoto wao tu. Daudi alikataa. Akaagiza mafungu yawe sawa, na aya ya 25 inasema ikawa sheria katika Israeli.

Aya hizi zisomwe kila familia inapokaa kuandika wasifu wa mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa usiku wa kuamkia mazishi, na kalamu hupewa kijana mwenye mwandiko mzuri, hata kama hamjui mzee. Basi jeshi linapata nusu ukurasa, nishani zinatajwa moja moja, kisha "ameacha mjane, watoto na wajukuu." Miaka yote ya ndoa imekwisha kwa neno moja.

Hesabu ya msimu inatosha kuonyesha kilichokosekana. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mzee aliyeitwa tangu mwanzo hakuwepo kusafisha shamba, kupanda uwele, kupalilia, wala kuamia ndege mashuke yalipokomaa. Na kwelea kwelea hawasubiri vita viishe: kundi likishuka kwenye shamba lisilo na mwamiaji, linabaki bua. Watoto wa nyumba ile walikula kwa sababu kuna mtu alishika jembe peke yake msimu mzima. Aandikwe kwa jina, na kazi aliyoifanya itajwe.

Mzee akiwa hai, ulizeni sasa. Asubuhi ni bora, kabla hajachoka. Anzeni na jina alilojiandikisha nalo, maana huenda silo analoitwa kijijini. Kisha namba ya jeshi, kikosi, cheo na mwaka wa kuingia. Wengi walitoka mgambo wakarudi shambani baada ya vita, kwa hiyo msimwandike mtu kuwa askari wa maisha yake yote. Akisema aliingia Kampala 1978, msibishane naye; mwulizeni kama huku nyumbani walikuwa wanapanda au wanavuna, miezi itajipanga yenyewe. Aliua wangapi, hilo msiulize kamwe. Akinyamaza, funga daftari, mpe maji.

Bibi aulizwe peke yake. Mbele ya mumewe atajibu tu, "Muulizeni baba," na hapo ndipo nusu ya wasifu hupotea.

Nishani zifuteni kwa kitambaa kikavu. Kusugua kwa mchanga au majivu kunakula maandishi, na jua linapausha utepe. Zifungwe kwa kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki unaotunza unyevu, ziwekwe kwenye sanduku la bati lililoinuliwa sakafuni, maana mchwa wa huku mnawajua. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli, bila kukandamiza. Wino huvujia upande wa pili. Na nani atazitunza baadaye, mzee mwenyewe aseme mbele ya watoto wote. Ugomvi wa nishani msibani ni mchungu kuliko wa shamba, kwa sababu nishani haigawanyiki.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, makanisa yatakapowaombea waliopigana, karatasi ya majina iwe na safu mbili: aliyekwenda, na aliyebaki akilea nyumba. Wazee wa kanisa waanze kukusanya majina hayo mtaa kwa mtaa, wakianza na nyumba zenye wajane wazee zaidi.