Uzito wa Msonobari Mchanga Umekaa Wapi?

Hapa Mombasa mti hutufikia ukiwa umekwisha kuvuliwa nguo. Misonobari hupandwa mbali, kwenye nyanda za juu zenye baridi, nasi tunaipokea ikiwa mbao; mikoko na mivinje huuzwa kwa majina ya unene wake, yaani fito, pau, boriti na nguzo, na hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja jani wala mzizi. Nadhani ndiyo maana tukitakiwa kukadiria uzito wa msitu tunatazama shina peke yake.

Kwa msonobari mchanga kadirio hilo hukosea sana. Mti wa miaka mitatu au minne bado una jua pande zote, kwa hiyo hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kutengeneza sindano na matawi yanayoanzia karibu na ardhi, na mara nyingi shina lake halifikii nusu ya uzito mkavu, yaani uzito unaobaki maji yakishakauka, wa mti mzima. Mambo hubadilika matawi ya miti jirani yanapokutana: matawi ya chini hukosa mwanga na kufa, sindano mpya huishia kuziba pengo la zile zinazodondoka, ilhali shina huendelea kujiwekea akiba mwaka baada ya mwaka.

Mwezi uliopita mjomba alinipa mvinje mmoja mchanga kutoka shambani kwake, ng'ambo ya Likoni, nijaribu kuupima. Mvinje si msonobari, ingawa wageni huudhania hivyo. Ile inayoonekana kuwa sindano ni kijitawi chenye vifundo, na ukikivunja kwenye kifundo utaona majani yenyewe, vimeno vidogo vilivyozunguka kama taji. Nilivitandaza vijitawi hivyo mkekani juani, na fungu lililonilemea kulibeba likaishia kuwa jepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo. Ndiyo sababu wataalamu hukausha kila sehemu kwenye tanuri, mbao kwa nyuzi 105 hivi, mpaka uzito ukome kupungua, kabla ya kulinganisha chochote.

Mizizi, ambayo katika misonobari huwa takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wote, sikuipata. Mjomba alikataa katakata shamba lake lisichimbwe, akanihesabia fito zake na kuniambia kwamba mti wote ndio ule.