Nilivyopandisha damu nikiwa mjamzito bila kuacha uwele na mlenda

Wadada wa Dodoma mnaohangaika na upungufu wa damu, mi kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini, gramu kwa desilita) kilitoka 9.6 kikafika 11.3 na chakula chetu sikuacha. Kliniki wanataka mjamzito asishuke chini ya 11, basi nesi akanipa vile vidonge vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, kila siku bila kuruka. Foliki ndo vitamini B9, inatengeneza seli za damu na inasaidia mgongo wa mtoto ujifunge vizuri, ila huo mgongo unajifunga mwezi wa kwanza tu, saa nyingine hata hujajua una mimba, kwa hiyo anayepanga kubeba aanze mapema, mikrogramu 400 kwa siku.

Sasa uwele una chuma kizuri tu, shida una asidi nyingine inaitwa fitiki, inakikamata kile chuma tumboni kingi kinaishia chooni. Wa kukiokoa ni asidi ya askobiki, yani vitamini C, inakigeuza chuma cha mimea utumbo ukipokee kirahisi, lakini lazima vikutane kwenye mlo mmoja. Na sisi ubuyu hatukosi bwana! Sio ule mwekundu wa kumung'unya jamani, huu mweupe wenyewe. Nanunua soko la Majengo, naloweka kwenye maji safi ya baridi, nakoroga, nachuja, sichemshi maana moto unapunguza vitamini C, nakunywa palepale na ugali na mlenda. Ukinichosha natafuna mapera. Unga wa uji nao nikawa nauchachusha usiku kucha, fitiki inapungua, na ule uchachu wenyewe ndo mimba yangu ilikuwa inautaka.

Chai ndo ilikuwa vita. Tanini zake nazo zinakamata chuma, na mama mkwe hali bila chai ya rangi pembeni, nikamwambia, "Mama, niwekee kwenye chupa nitakunywa baadae," akaona naringa.

Kiungulia kilinisumbua pia. Asidi ya tumboni, haidrokloriki, ndo inayeyusha hicho chuma, dawa za kiungulia zinaipoza, so nesi akaniambia nisizimeze pamoja na vidonge vya damu, niachanishe masaa kadhaa. Nikawa nakula kidogo kidogo, silali nimetoka kula, na ubuyu nikaubakiza mchana tu.