Meza ya Liwali

Somo la wiki: Nehemia 5:1-19

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi mmeniuliza tumwambie nini dada yetu aliyefanya kazi ya misaada huku Pwani miaka mingi, na sasa ametangaza kuwania ubunge. Wengine mmeudhika kabisa: alikuwa mtu wa Mungu, sasa anaenda kujichafua. Mimi nimekaa na Nehemia sura ya tano, na naomba tuisome pamoja.

Watu walikuwa na njaa. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa fedha walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wakitiwa utumwani. Nehemia, liwali wao, yaani gavana, hakuwatazama tu. Mstari wa 10 unasema yeye na ndugu zake walikuwa wakiwakopesha fedha na nafaka. Lakini nafaka huliwa ikaisha, na ile rehani ilikuwa bado palepale. Ndipo akaitisha kusanyiko kubwa, akawakabili wakuu waliowatoza riba, akawataka warudishe mashamba, mizabibu na nyumba siku ile ile, tena akawaapisha mbele ya makuhani. Magunia ya nafaka, hata yangekuja mia, yasingerudisha shamba la mtu.

Hivyo ndivyo ninavyomwelewa dada yetu. Pita Mtongwe au Kisauni hapa Mombasa mifereji ikikauka: akina mama wamepanga madumu ya manjano tangu alfajiri, na kijana wa mkokoteni anawauzia wasioweza kungoja. Mfanyakazi wa misaada ataleta lori la maji, nasi tutashukuru. Kesho yake madumu yamepangwa tena. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inataja maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, pamoja na chakula, afya na makao. Haki hiyo hutaka bajeti. Bwawa la Mwache kule Kwale, ambalo Mombasa inalitazamia kwa maji, haliwezi kujengwa kwa harambee ya kanisa.

Wala njia hii si nyepesi. Jo Cox wa Uingereza alifanya kazi Oxfam, shirika la misaada, kabla ya kuingia Bungeni mwaka 2015, akasimama kuwatetea watoto wakimbizi wa Syria. Tarehe 16 Juni 2016 aliuawa jimboni kwake, akienda kuwasikiliza wananchi. Aliacha mume na watoto wawili wadogo.

Lakini kuna jambo linanikosesha usingizi. Mama aliyepokea unga wakati wa shida hawezi kumwona mleta unga kama mwaniaji mwingine yeyote. Moyoni anahisi ana deni. Na lile daftari lenye majina na nambari za simu za waliosaidiwa likigeuzwa orodha ya kampeni, msaada uliotolewa kwa jina la Kristo utakuwa unadaiwa debeni. Hiyo ni riba, na ndiyo aliyoikemea Nehemia.

Tazameni alivyoishi yeye. Alikuwa liwali miaka 12. Mezani pake walikula watu 150, na kila siku alichinjwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri. Hata hivyo hakudai posho ya liwali, kwa kuwa aliona watu wameelemewa. Na hakununua shamba. Sisi wa Pwani, tunaojua habari za ardhi, tusiupite mstari huo wa 16 mbio mbio.

Basi dada yetu akija Jumapili tusimpe mimbari afanyie kampeni, wala tusimkwepe mlangoni. Wazee wakae naye, wamwombee, kisha wamuulize: lile daftari liko kwa nani sasa? Kampeni inalipiwa na nani? Akipewa posho asiyostahili, atafanya nini?

Bwana, mlinde dada yetu na familia yake msimu huu. Wote waliopokea msaada mkononi mwake, wape uhuru wa kumpigia kura au kumnyima, bila hofu wala haya. Amina.