Siku moja maishani mwangu: "although", karafuu na madaftari ya Wete

Saa 11 na nusu alfajiri
Mama mkwe keshasali, yupo uani anatazama mawingu. Jua likitoka majamvi yatatandazwa. Yakija manyunyu, karafuu zitabaki chini ya turubai. Mimi nachemsha chai, namfungia mwanangu muhogo, naondoka.

Saa 1 na robo
Nasomesha Kiingereza sekondari ya serikali hapa Wete, Pemba. Watoto wanatujia wamezoea kusomeshwa zaidi kwa Kiswahili, mara masomo karibu yote, ukitoa Kiswahili, Kiarabu na Dini, yanageuka Kiingereza. Leo wengi wana usingizi, maana jana walikesha wakichambua karafuu. Msimu huu sigombi sana.

Saa 2
Kidato cha tatu, viunganishi. Nimeshasahihisha insha zao za kueleza siku yao, na karibu kila daftari linasema: I woke up and then I prayed and then I took tea and then I went to school. Watu huwacheka. Mimi siwacheki. Kwa lugha yetu mtoto angesema nikaamka, nikasali, nikanywa chai, nikaenda skuli, na hakuna mzee ambaye angemwambia amerudia kitu. Ile "ka" imo ndani ya kitendo, inabeba mfuatano wote. Kitendo cha Kiingereza hakina nafasi hiyo, basi mtoto anahangaika na "ka" yake mkononi, na pahala pa kwanza anapoona pa kuitua ni "and then".

Nikaandika ubaoni: Although it was cloudy, but we dried the cloves. Nani anaona tatizo? Kimya. Wana haki, kwani "ingawa kulikuwa na mawingu, lakini tulianika" kwetu inapita bila kugombwa. Kiingereza kinataka kimojawapo, although mwanzoni au but katikati. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Ticha, sasa msomaji atajuaje kuwa upande wa pili unapinga?" Suala hilo sijaliona kitabuni. Nikamwambia kwamba although ikishatangulia, msomaji anausubiri upinzani mpaka aupate. Ukimtilia na but, umemwambia mara mbili.

Despite ilichukua muda zaidi. Nyuma yake inataka jina, despite the clouds, wala haitaki "of". Hiyo "of" ni ya in spite.

Darasa lilichangamka tulipofika so na so that. We spread the cloves in the sun so that they dry. The rain came, so we gathered them. La kwanza lengo, la pili matokeo. "Ili" na "kwa hiyo". Kila mmoja ana jamvi kwao, hakuna aliyepotea. Mvulana mmoja akatunga ya kwake na unless, kwamba karafuu huharibika rangi zisipokaushwa upesi, na aliipata sawasawa.

Wataalamu wa isimu Halliday na Ruqaiya Hasan, mwaka 1976, walivipanga viunganishi vya Kiingereza mafungu manne: vya kuongeza, vya kupinga, vya sababu na vya wakati. Darasani nayageuza kuwa masuala. Sentensi hii inaiongezea ile iliyopita, inaipinga, inaitolea sababu, au inaifuata? Jibu kwanza kwa Kiswahili. Neno la Kiingereza baadaye.

Saa 4
Chai na bajia. Mwalimu wa Historia ananionesha jibu la mwanafunzi: Hurricane came in 1872. Clove trees of Unguja fell. Pemba has many cloves. Yote kweli, ila sababu haimo. Msahihishaji hajui kama mtoto ameelewa kwamba Pemba ilishika nafasi ya mbele kwa kuwa kimbunga kile kiliangamiza mikarafuu ya Unguja na kisiwa chetu kikasalimika kwa sehemu kubwa. Tukaiandika upya pamoja, tukatia whereas moja na as a result moja, basi. "Wape orodha ya viunganishi waihifadhi," akaniambia. Tulibishana mpaka kengele. Orodha ndiyo inayoniletea kazi ya usiku, kama mtakavyoona.

Saa 10 na nusu alasiri
Tuisheni, kijana anayepeleka wageni kisiwani Misali. Kiingereza chake cha mdomo kizuri kuliko cha walimu wengine, lakini huwaandikia wageni: If you reach Mkoani, call me. Mgeni anaisoma anaanza kujiuliza kama boti ina matatizo. Kwa Kiswahili "ukifika" inatosha kote, kwa lenye uhakika na kwa lenye shaka. Kiingereza kinakulazimisha uchague. When kwa lile unalotarajia litokee, if kwa lile huna hakika nalo. Akacheka, akaandika: When you reach Mkoani, call me. If the sea is rough, we will go tomorrow. Bahari tu ndiyo aliyoiachia if.

Saa 2 na nusu usiku
Wenzangu wanachambua, makonyo huku, karafuu huku. Mimi na kalamu nyekundu. Daftari la mtoto aliyehifadhi orodha: Moreover, my father is a fisherman. Furthermore, I like mangoes. In addition, we have a goat. Nakata moja baada ya jingine. Kipimo changu ni hiki: liondoe neno, usome tena, sentensi isipopoteza kitu, lisirudi.

Mama mkwe ananitazama. "Mbona wamkata mtoto maneno yake yote?"

Si yote. Aliandika kuwa Jumatatu hakuja skuli because they were picking cloves at his grandfather's. Hiyo sikuigusa, nikaitia alama ya vyema pembeni. Madaftari yaliyobaki ni ya kesho, umeme umeshakatika.