Hilux ya 1982: nilivyotoa injini ya 18R ya petroli na kuweka 3L ya dizeli

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya 1982, kabini moja, chesesi ndefu, inayosukumwa na tairi za nyuma tu. Ilitoka kiwandani na injini ya 18R ya petroli, cc 1968. Nimeweka 3L ya dizeli, cc 2779. Nilichagua 3L kwa sababu Hilux za umbo hilo zilitoka pia na injini ya L ya dizeli, cc 2188, na 3L ni ya ukoo huo huo. Kwa hiyo jambo la kwanza nilitafuta skrepa ya Hilux ya dizeli ya miaka hiyo, nikachukua maunti zake, yaani vishikilio vya injini: mikono ya kwenye injini, raba, na vyuma vilivyochomelewa kwenye chesesi. Ukivipata hivyo, kazi ya kubuni imepungua nusu.

3L nyingi zinazouzwa kwetu zimetoka kwenye Hiace. Ndani ni injini ile ile, lakini linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mikono ya maunti kabla hujalipa. Gia boksi ya Hiace iache huko huko dukani, maana fimbo yake ya gia haikai juu ya boksi na haitatokea katikati ya kabini yako. Boksi ya 18R nayo haikubaliani na bloku ya dizeli. Unahitaji boksi ya Hilux ya dizeli pamoja na kengele yake (kava linaloiunganisha na injini), fulaiwili na klachi.

Injini ikiwa bado dukani, pima kompresheni kwa geji ya dizeli kupitia tundu la hita plagi (plagi inayopasha joto silinda ili dizeli iwake). Kipimo cha kiwanda ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Chini ya 20 usiichukue, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 5. Kabla injini haijaingia kwenye gari, badilisha taiming belti na beringi yake ya kukazia, sili ya mbele na ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na beringi ndogo ya kwenye fulaiwili. Sili ya nyuma ikija kuvuja baadaye, itabidi ushushe gia boksi yote.

Nilitoa boneti, rejeta na grili, nikaingiza injini na boksi kwa pamoja, pua ikiwa juu ili sampu ipite krosimemba (chuma kinachokatiza chesesi mbele). Vyuma vya maunti nilivipiga doti tu kwanza, yaani kuvishika kwa nukta chache za kuchomelea. Usimalize kuchomelea mpaka uhakikishe vitu vitatu: rodi ya stelingi haigusi sampu ukikata kona mpaka mwisho, bomba la egzosi linapita bila kukaribia mabomba ya breki, na feni iko angalau milimita 25 kutoka kwenye rejeta. Ukichomelea, toa terminali za betri na waya za alternata.

Propela (shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma) ya chesesi ndefu ina vipande viwili na senta beringi. Kipande cha mbele ndicho kilichokatwa na kubalansiwa upya. Uso wa flenji (sahani ya kufungia propela) ya boksi na uso wa flenji ya difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) viwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja au mbili. Ikizidi, gari linatetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa na utalaumu balansi bure.

Difu usiiache bila kuihesabu. Nyanyua tairi moja ya nyuma, nyingine ikae chini, gia iwe nyutro. Zungusha tairi iliyonyanyuliwa mara mbili kamili, mwenzako ahesabu propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, difu ni ya 4.1 hivi. Kwa difu hiyo na tairi 185R14, mizunguko 3000 kwenye gia ya nne inakupa karibu kilomita 90 kwa saa. Kwenye gia ya tano ya 0.85 inafika kama 105. 18R haikujali kuzungushwa, lakini dizeli hii inajali sana, kwa hiyo chukua boksi ya gia tano.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu. Injini ya petroli huvuta upepo wa busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu kwenye breki, kupitia manifoldi. 3L haina upepo huo. Kwake upepo wa busta unatoka kwenye pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alternata, na pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini: mpira mwembamba unapeleka oili, mpira mnene unairudisha kwenye sampu. Kuna mafundi wanaorudisha alternata ya zamani kwa sababu inachaji vizuri, halafu mwenye gari anashuka mlima akiwa na breki ngumu kama jiwe. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisitoke gereji.

Kwenye umeme kuna mitego miwili. Waya wa zamani wa koili (ya kuwashia petroli) unaweza kuwa umepitia rizista, hivyo hautoi volti 12 kamili. Ukiutumia kwa solenoidi ya pampu ya dizeli (vali ya umeme inayofungua mafuta), injini itazima ovyo. Vuta waya mpya kutoka swichini. Pili, soma volti iliyoandikwa kwenye hita plagi. Za volti 6 ukizipa 12 moja kwa moja zinaungua. Nimetumia za volti 12, rilei ya ampea 80, waya wa milimita 10 za mraba, na betri ya N70.

Tangi lilishushwa, likaoshwa kwa dizeli, pampu ya petroli ikaondolewa. Pampu ya 3L inavuta yenyewe, lakini inataka bomba la kurudisha mafuta mpaka kwenye tangi na filta yenye pampu ya mkono. Injini ikiwaka kisha ikafa, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, uangalie. Mimi niliona shanga ndogo za hewa zikipita moja moja, na tatizo lilikuwa klempu moja tu upande wa tangi, pasipo hata tone la mafuta chini. Upande wa kuvuta hauvuji nje. Unavuta hewa ndani.

Rejeta ya 18R haitoshi. Weka ya safu tatu, na kava la feni lisikosekane. Sensa ya joto iendane na geji ya dashibodi. Sensa ya injini nyingine inaweza kukuonyesha sindano katikati wakati maji yanachemka, na hedi za injini hizi zikipata joto kali zinapasuka. Nilihakiki kwa kutumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, waya ukiwa umeunganishwa, nikaweka alama sindano iliposimama.

3L ni nzito, pua ilishuka. Nilikaza nati za tosheni ba (fimbo za springi za mbele) mpaka urefu ukarudi, kisha wili alaimenti. Kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo tunza risiti ya ununuzi na ufanye mabadiliko TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mapema.

Filta ya dizeli ya kwanza niliifungua baada ya kilomita 500: maji na kutu la tangi la zamani. Ya pili, kilomita 2000 baadaye, ilitoka safi.